Meza Saba za Kibali Kimoja

Siku mliyoniaga, binti mmoja wa masijala aliniuliza mbele ya watu kama ni kweli kwamba zamani kibali cha kujenga kilichukua mwaka mzima. Nikamjibu kwamba mwaka mzima kilichukua kibali cha mtu mwenye bahati. Mlicheka, nami nikacheka, tukala pilau, mkanipa saa ya ukutani na doti mbili za vitenge, nikarudi nyumbani. Lakini swali lile lilinifuata mpaka kitandani. Ndiyo maana nimeketi kuliandikia jibu lake sawasawa. Sitawachosha na habari za vyeo, maana vyenyewe vilikuja kwa mwendo wa vibali. Nitawaeleza miaka ya Kisarawe, na ile ya mwanzo ya Kibaha, kwa sababu ndiyo ninayoikumbuka nikiwa peke yangu.

Niliingia ofisi ya ardhi kule Kisarawe baada ya Uhuru, nikiwa mpiga chapa mwenye cheti kipya na viatu vya kuazima kwa dada yangu. Wakati huo Kibaha haikuwa wilaya. Watu wa Maili Moja, Mlandizi, Janga, wote walihudumiwa kutoka kwetu. Nyinyi mmezoea mtu kuja kwa miguu, akauliza habari zake na kurudi kupika. Mtu wa Janga alipanda basi hadi Dar es Salaam, akalala kwa ndugu, asubuhi akapanda basi jingine hadi Kisarawe, akafika dirishani kwetu ana vumbi mpaka kwenye kope, ili aambiwe, "Bado. Njoo mwezi ujao."

Aliyekuwa akiwaambia hivyo ni mimi. Dirisha lilikuwa karibu na mashine yangu.

Mashine yenyewe ilikuwa nzito kama kinu, na herufi yake ya "a" iliruka juu kidogo ya mstari, hata barua zetu zikajulikana wilaya nzima. Nilichapa kwa kaboni mbili: nakala ya mwombaji, nakala ya faili, nakala ya mkoani. Ukikosea herufi moja unafuta karatasi tatu kwa wembe, taratibu, usitoboe. Nawaambia haya si kwa kujisifu. Vidole vyangu vya kulia mpaka leo vinauma mvua ikikaribia.

Mkuu wa masijala alikuwa Mzee Mbegu. Alikuwa mfupi, mkavu, mtu wa kofia ya kitambaa na kalamu ya wino mwekundu ambayo hakumwazima hata Afisa Ardhi. Kila karatasi iliyoingia kwenye faili aliipa namba pembeni kwa mkono wake. Aliamini karatasi isiyo na namba haijazaliwa. Juma langu la pili kazini alinikuta nimemjibu mtu dirishani kwa ukali, akaniita.

"Umemwambia faili lake liko wapi?"

"Nimemwambia linashughulikiwa, Mzee."

"Na nani?"

Sikujua. Akatoa faili moja kabatini, akanipakatisha kama mtoto.

"Leo usichape. Leo utatembea na hili. Likilala, nawe ulale."

Ndipo nilipojua meza saba. Faili lilianza masijala, likaenda kwa Afisa Ardhi alitazame mara ya kwanza. Kutoka hapo likaenda kwa Bwana Shamba, aseme kama ardhi ile inahitajiwa kwa kilimo. Kisha Bwana Afya, apime umbali wa choo na kisima. Kisha mpima. Kisha kamati ya wilaya. Mwisho likarudi kwa Afisa Ardhi kutiwa saini, ndipo lije kwangu kuchapwa. Si vibaya, mtu atasema; kila mmoja ana lake la kulinda. Ila Bwana Shamba, Bwana Afya na mpima, kila mmoja alitaka kukiona kiwanja kwa macho yake, na ofisi zote hizo zilitegemea Landrova moja. Kwa hiyo Bwana Shamba alingoja gari miezi mitatu, akaenda, akarudi, akaandika. Faili likahamia kwa Bwana Afya, naye akaanza kungoja gari lile lile kwenda pale pale. Siku ile nilitembea na faili mpaka meza ya tatu tu. Hapo lililala, nami nikarudi kwenye mashine yangu nikiwa nimeona haya.

Tangu siku hiyo sikusema tena "linashughulikiwa". Nilisema, "Liko kwa Bwana Afya, anangoja gari." Halikuharakisha chochote, lakini watu walinishukuru, na hilo ndilo lililonisikitisha.

Miongoni mwao alikuwa Bi Kidawa wa Janga, mjane, mkulima wa mihogo na mikorosho. Sehemu ya shamba lake iligusa barabara ya Morogoro, mahali mabasi yalipopenda kusimama. Aliomba pembe ile ibadilishwe, isiwe shamba tena bali mahali pa biashara, ajenge hoteli ya chai ya matofali. Alikuja kila baada ya miezi mitatu, na kila akija alinisalimia kwa jina na kuuliza hali ya mama yangu. Safari moja niliweka faili lake dirishani alione. Akaligusa kwa kidole.

"Mwanangu, hili mnalilisha nini? Kila nikija limenenepa, na mimi nazidi kukonda."

Mzee Mbegu alisikia. Hakucheka. Jioni aliniambia, "Yule mama ametukana kwa heshima. Ogopa sana mtu wa namna hiyo."

Sasa nifike kwa Athumani, maana nikimruka nitakuwa nimewadanganya.

Athumani alikuwa mpima wetu msaidizi. Aliletwa wakati maombi yameanza kufurika, miaka ile watu walipokuwa wakihamia vijijini na mipaka ya zamani ikavurugika. Mrefu, mpole, viatu vyake havikukosa udongo mwekundu. Alikuwa na mnyororo wa chuma wa kupimia ambao aliupaka mafuta kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini, na alipokuwa akiukunja, pingili zake zililia kwa sauti ambayo niliijua hata nikiwa nachapa. Alikuwa akileta vipimo vyake mwenyewe mezani kwangu, ingawa tarishi alikuwepo. Mwanzoni nilidhani hamwamini tarishi.

"Bi Zuhura," alisema siku moja, "ile 'a' yako inayoruka, usiitengeneze."

"Kwa nini?"

"Nikiwa porini nikipata barua ya ofisi, naiona hiyo kwanza, halafu ndiyo nasoma."

Sikuitengeneza.

Alileta posa kwetu kwa njia zote za heshima. Baba yangu alikuwa mkulima wa minazi, mtu wa maneno machache, naye hakumkataa. Alisema hivi tu: "Watumishi wa serikali mnakaa nyumba za kupanga, kesho barua inakuja, mnabeba masanduku. Nionyeshe kiwanja ambacho mwanangu atakiita kwake. Hata kama ni kitupu." Athumani akaomba kiwanja karibu na Maili Moja, juu ya kijiteremko, ambako wakati ule palikuwa na nyasi na michongoma. Aliniambia ameuona upepo wa pale na kwamba ungetufaa.

Faili lake liliingia masijala kama la mtu mwingine yeyote. Mzee Mbegu alilipa namba kwa wino mwekundu bila kunitazama usoni. Likaanza meza zake. Na kwake kulikuwa na meza ngumu zaidi, kwa sababu mpima hapimi kiwanja chake mwenyewe wala cha mwenzake wa ofisi moja, ikabidi angojwe mpima wa kituo kingine mwenye nafasi.

Miezi ikapita. Mzee Mbegu akaenda likizo akaniachia funguo za masijala. Siku ya pili Athumani akaja na vipimo, akasimama kidogo.

"Faili langu ni la ngapi kwenye foleni ya Bwana Afya?"

"La kumi na tisa."

"Na ukilisogeza?"

"Litakuwa la kwanza. Na la Bi Kidawa litakuwa la kumi na tisa."

Alinitazama, akatabasamu, akakunja karatasi zake. "Basi, nimeuliza tu," alisema. Hakuuliza tena mpaka mwisho. Wanangu, nimesifiwa sana kwa uaminifu katika hotuba za kuagwa, na ninyi mlipiga makofi. Niacheni niseme kwamba mkono wangu ulikuwa juu ya rafu ile, ufunguo ukiwa kwenye kufuli, na mafaili yale hayakuwa na uzito wowote. Nililirudisha mahali pake. Kama lingetokea leo ningelirudisha tena, na ningelia tena.

Barua ya uhamisho wake ilipita kwangu kwa kuwa nakala zote zilipita kwangu. Sumbawanga. Kuripoti ndani ya majuma mawili. Niliisoma mara mbili, nikampelekea mwenyewe chini ya banda la gari, alikokuwa akifuta darubini ya kupimia. Alisoma, akaikunja.

"Twende wote," alisema. "Nitakwenda kwa mzee leo hii."

Alikwenda. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Si nilikwambia barua itakuja?" Hakusema kwa ubaya. Mama alikuwa ameanza kuugua miguu, dada yangu ameolewa mbali. Nilimwambia Athumani aende, kibali kikitoka nitamwandikia, arudi kwa likizo tufunge ndoa. Nilidhani ni suala la miezi. Mimi, niliyezijua meza zote saba kwa majina, nilidhani hivyo.

Asubuhi aliyoondoka kulikuwa na ukungu, kama kawaida ya Kisarawe wakati wa baridi. Aliingia ofisini kuaga kila mtu, mimi wa mwisho. Watu walikuwa wakitutazama. Alisema, "Bi Zuhura, kazi njema," nikasema, "Safari njema." Nikaendelea kuchapa. Barua iliyokuwa mashineni niliichapa upya mara nne.

Baada ya hapo nikawa mtu wa kukasirika. Mzee Mbegu aliniacha nikasirike kama mwezi mmoja, kisha akaniwekea karatasi nyeupe mezani.

"Hasira yako iandike," alisema. "Ila iandike kiserikali."

Niliandika ukurasa mmoja. Nilichukua faili la Bi Kidawa, kwa kuwa lilikuwa nene kuliko yote, nikaorodhesha kila siku lililolala na kwa nani, na siku lililofanyiwa kazi. Nikaweka pendekezo chini: watatu wanaotaka kukiona kiwanja wapande gari moja, siku moja, karani wa masijala aende na mafaili na mhuri, kila mmoja asaini pale pale aliposimama. Kamati ipewe mafaili yaliyokamilika tu. Na watu wa upande wa Kibaha wasije Kisarawe. Sisi twende kwao.

Mzee Mbegu alisoma, akaipa namba, akaipeleka kwa Afisa Ardhi. Msidhani ilipokelewa kwa vigelegele. Kikao kilichoitishwa kilikuwa kirefu. Bwana Afya, mtu nadhifu wa suruali yenye mkunjo, alisimama.

"Ndugu zangu, mimi saini yangu niitie juu ya boneti la gari, kuku wakinitazama?"

Mzee Mbegu, ambaye sikuwahi kumsikia akizungumza kikaoni, akanyanyua mkono.

"Ndugu Bwana Afya, saini yako inangojwa na mjane wa Janga tangu mvua za mwaka juzi. Kuku wake wamezaa na kujukuu. Waache nao waione."

Watu walicheka, Bwana Afya akacheka pia, na hapo ndipo lilipopita. Nimehudhuria vikao vingi baadaye vyenye hoja nzito zaidi. Sijaona kingine kilichogeuzwa na kuku.

Tuliondoka siku ya Alhamisi alfajiri: dereva, Bwana Shamba, Bwana Afya, mpima mpya, na mimi nyuma na kasha la bati lenye mafaili. Tulianzia kwa Bi Kidawa. Alikuwa amefagia pembe yake yote ya barabarani kama uwanja wa harusi. Mpima akanyoosha mnyororo, Bwana Shamba akaokota udongo akausugua vidoleni, Bwana Afya akahesabu hatua kutoka kisimani, nami nikashika ubao wa kuandikia. Wakasaini mmoja mmoja. Bi Kidawa alikuwa amesimama kando, mikono kifuani.

"Bado nini?" aliniuliza.

"Kamati na saini ya mwisho tu, Bi Kidawa. Wiki mbili."

"Hapa leo pamekwisha?"

"Pamekwisha."

Akakaa chini pale pale mchangani, akafunika uso na upande wa kanga. Bwana Afya alijifanya anatazama mikorosho. Kisha mama yule akainuka akatuletea mihogo ya kuchemsha na chai, akamkaribisha Bwana Afya wa kwanza.

Mchana tulifika Maili Moja. Faili lilikuwa la nne katika safari ile na nililitoa kwenye kasha kwa zamu yake. Tukapanda kijiteremko kile. Nilikuwa sijawahi kufika. Upepo ulikuwepo kweli, ukitoka upande wa bahari ingawa bahari yenyewe iko mbali, na nyasi zilifika kiunoni. Walifanya kazi yao. Nilitazama saa ya Bwana Shamba: haikufika nusu saa. Mwaka mmoja na miezi saba, na kazi yenyewe haikufika nusu saa.

Mpima mpya akafungua ukurasa wa mwisho. "Mwombaji aonyeshwe mipaka. Ndugu Athumani yupo?"

"Amehamishwa," nilisema.

"Kuna ndugu yake? Mke?"

Nilisema hakuna. Dereva na wale wawili wengine waliijua habari yangu, mpima tu ndiye mgeni. Bwana Afya akasema kwa upole, "Andika ataarifiwe kwa barua." Nikaandika.

Nilimpelekea barua mbili. Ya ofisi, yenye kumbukumbu namba, ikimtaka athibitishe kama bado anakihitaji kiwanja. Na yangu, ambayo haikuwa na namba. Majibu yalichukua miezi minne kwa posta, na ilikuja bahasha moja tu, imeandikwa kwa Afisa Ardhi. Niliifungua kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Mstari wa kwanza alisema anashukuru. Wa pili, kwamba hatarudi Pwani, amepewa jiko na watu wa huko, kiwanja apewe mwingine mwenye haja. Wa tatu ulisema hivi: "Nawasalimu wote ofisini, na mpiga chapa wenu, ambaye hakukosea." Kisha saini.

Mpaka leo sijui alikuwa na maana ya chapa au ya yale mengine. Barua yangu ya siri hakuijibu. Pengine alishaoa ilipofika, na alikuwa mtu wa heshima.

Barua ile ya kuacha kiwanja ilikuwa hati ya serikali. Mzee Mbegu aliipokea mkononi mwangu, akaisoma polepole, akavua miwani. "Mwanangu, ningekupa uondoke nayo," alisema. "Lakini bila hii karatasi, kiwanja hakiwezi kugawiwa." Nikamwambia aipe namba. Akaipa ishirini na tatu. Basi kwa miaka kadhaa nilikuwa na kawaida ya kulitoa faili lile nikiwa peke yangu masijala, nikasoma namba ishirini na tatu, nikalirudisha. Kiwanja alipewa mwalimu mwenye watoto wanne. Kibaha ilipotengwa kuwa wilaya, nami nikahamishiwa huko, mafaili yaliyofungwa yalipakiwa kwenye lori kupelekwa kwenye hifadhi. Nilihesabu maboksi kama nilivyoagizwa na nikatia saini kwamba yametimia.

Niliolewa baadaye, na fundi cherehani wa Kisarawe, mtu mwema, Mungu amrehemu. Habari hii yote aliijua. Aliwahi kuniuliza mara moja tu kama ninasikitika, nikamjibu kwamba ninakumbuka. Akasema basi ni sawa, akaendelea kushona.

Mzee Mbegu alistaafu kabla Kibaha haijawa wilaya. Alinikabidhi funguo na ile kalamu ya wino mwekundu, bila hotuba. Nilikwenda kumtazama kwake kila Idi mpaka alipofariki, na kila mara aliuliza swali lile lile: kibali siku ngapi sasa? Nilipomwambia miezi miwili alitikisa kichwa. Nilipomwambia mwezi alisema, "Bado kuna mtu amelala." Hakuishi kuzisikia siku ishirini.

Kule Kibaha tulikaza zaidi. Safari za Alhamisi zikawa za kila wiki petroli ikiwepo, na petroli isipokuwepo Bwana Afya, yule yule wa mkunjo, aliyehamia huko nasi, alikwenda kwa baiskeli. Kamati ikakubali kukutana mara mbili kwa mwezi. Tukaunganisha fomu nne kuwa moja, niliyoichora mwenyewe kwa rula, na wengi kati yenu mmeijaza bila kujua ilitoka wapi. Hakuna aliyetupa tuzo. Mwaka mmoja tulipewa kabati jipya.

Ninamalizia hapa kwa siku moja ya kawaida, kabla sijaondoka dirishani kwenda chumba cha ndani. Alikuja msichana na mchumba wake, wote wawili vijana wa Maili Moja, wameshikana mikono mpaka walipoona watu wakaachana. Walikuja kuchukua kibali cha kiwanja. Harusi yao ilikuwa Jumapili. Nilitoa faili, lilikuwa jembamba kama daftari la mtoto, nikawaonyesha pa kusaini. Msichana alisoma tarehe ya kuomba na tarehe ya kutolewa, akahesabu kwa vidole, akanikunjia uso.

"Siku kumi na moja, mama? Jamani! Mbona mnawachelewesha watu hivi?"

Mchumba wake akamvuta mkono kwa aibu. "Mwache," nilimwambia. "Ana haki." Nikawaomba radhi kwa niaba ya ofisi, nikawagongea mhuri, nikawatakia heri. Walipotoka nilifunga dirisha, ingawa palikuwa na watu, nikamwambia mwenzangu anishikie zamu kidogo, nikaenda nyuma kwenye bomba kunawa uso.